Viatu vya Kwaya

Zamani Mkristo akikosana na mwenzake alimfuata kwa miguu mpaka mlangoni kwake kabla ya kuthubutu kuigusa meza ya Bwana, siku hizi anamtumia picha ya kidole gumba kwenye simu kisha anakwenda kushiriki huku anatafuna pipi.

Njia hiyo ya miguu ndiyo iliyomfanya muuza nyama wa hadithi hii kuwa mtu. Waliomjua ujanani walimwita Shoka, wala si kwa sababu ya kazi ya bucha. Alikuwa mpigaji. Alipiga akiwa amelewa, alipiga akiwa mzima, alipiga waliomnyima heshima na waliompa heshima kwa kuchelewa. Siku moja alimpiga dereva wa lori ngumi moja, na taya likalia kama ukuni mkavu unaovunjwa gotini. Dereva alikunywa uji kwa mrija miezi miwili, na Shoka, kila alipofumba macho, alisikia ukuni.

Mwalimu wa kanisa wa wakati ule, mzee kibiongo ambaye hakuwa na kipaza sauti wala hakukihitaji, alimfuata machinjioni akamwambia, "Vaa shati. Tunakwenda." Walitembea saa mbili juani. Walisimama nje ya nyumba ya dereva mpaka mkewe alipochoka kuwatukana akafungua mlango. Shoka alipiga magoti mbele ya lile taya. Dereva akainua kikombe cha maji, akanywa nusu kwa mrija wake, nusu akampa yeye amalizie. Basi. Hakuna aliyepiga picha. Jumapili iliyofuata wakaingia kanisani kwa mlango mmoja, wameshikana mikono kama watoto wa shule, na kila mwenye macho akajua.

Hapo ndipo alipoweka nadhiri kwamba mkono wake hautampiga tena mwanadamu, na kwa miaka ishirini na sita haukumpiga. Alilea wanawe wawili bila kofi. Majirani walimcheka: "Shoka anachinja madume matatu asubuhi, lakini mwanawe akivunja sahani anaingia chumbani kuomba." Alicheka nao. Walikuwa hawajui jinsi mlango wa chumba kile ulivyokuwa na alama za meno kwenye ubao.

Hata kuchinja alichinja kwa adabu. Hakumchinja mnyama mbele ya mwenzake. Alimfunika macho kwa gunia, akampapasa shingo, na kisu chake kilipita mara moja tu. "Usimcheleweshe," aliwafundisha vijana wa machinjioni. "Kufa hana hiari, lakini kuteseka ni wewe umependa." Vijana waliitikia kwa vichwa, na masikio yamezibwa na miziki.

Wanawe walikua wakawa watu wazima, wote wawili wa kanisani, na hilo lilikuwa faraja yake. Mkubwa alikuwa fundi wa mitambo ya kanisa: kamera, vipaza sauti, na ule ukurasa wa mtandaoni ambamo ibada ilirushwa watu waitazame wakiwa kitandani. Mdogo aliimba besi kwenye kwaya na kumsaidia baba bucha. Baba, sasa mzee wa kanisa, alijivunia besi ile. Ya ukurasa hakuyaelewa, lakini hakuyapinga.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, Shoka alikuwa akipima nyama ya mama mmoja mteja wake wakati simu ya mdogo ilipolia. Ikalia tena. Ikalia mfululizo kama kuku aliyeona nyoka.

"Nini hiyo?" baba aliuliza.

"Kundi la kanisa. Maikrofoni mbili hazionekani, na kaka ameweka picha ya kamera ya getini." Mdogo alisogeza skrini. "Anauliza, 'Nani anamjua mtu huyu?' Mtu mwenye kofia, na gunia mgongoni."

Ujumbe wa kwanza ulikuwa swali tu. Wa pili ulisema, "Si yule fundi viatu wa pale kwa kinyozi?" Wa tatu ulisema, "Ndiye." Wa nne ulisema, "Mwizi wa nyumba ya Mungu!" Baada ya hapo vikamiminika vidole gumba, mikono iliyokunjwa ngumi, na "Watu wa Mungu tuamke." Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakujua kwamba itafika siku kidole ndicho kitakuwa ulimi.

Mdogo alivua aproni. Nyuma ya mlango palikuwa na mpini mpya wa shoka, haujatiwa chuma bado. Akauchukua.

"Huo wa nini?"

"Wa kumtisha tu, Baba."

Na hapa ndipo Shoka alipokosea, na kosa hili hakumtwika mtu mwingine mpaka leo. Alimwacha aende. Alimaliza kupima nyama. Akaifunga, akajibu salamu za yule mama, akaanza kunawa mikono kwa sabuni kama kawaida yake, kiganja, vidole, kucha. Povu lilikuwa bado mikononi aliposikia kelele kutoka upande wa kinyozi. Sauti ya kundi la watu linalopiga mtu haifanani na sauti nyingine yoyote, na anayeijua zaidi ni yule aliyewahi kuwa ndani yake. Akatoka mbio na povu lake.

Watu kama arobaini walikuwa wamejaa mbele ya kibanda cha kinyozi. Nusu yao walikuwa wanapiga, nusu wameinua simu. Fundi viatu alikuwa chini, mgongo umeegemea ukuta, na pale alipokuwa ameegemea ukuta ulikuwa umebadilika rangi. Jicho moja lilikuwa limefunikwa na nyama yake mwenyewe. Alikuwa akijaribu kusema neno, lakini meno ya mbele yalikuwa mapajani mwake.

"Shindwa!" alisema mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza, akampiga teke la mbavu. "Shindwa!" akampiga la pili.

Mwingine alimkanyaga mkono, mkono wa kushonea, akauzungusha kisigino kama anayezima sigara. Fundi akalia mlio wa mbuzi.

Katikati ya yote hayo mwanawe mkubwa alisimama na simu juu ya kijiti, akisimulia kwa sauti laini ya matangazo: "Wapendwa mnaotufuatilia, mnajionea wenyewe, adui aliingia madhabahuni..."

Shoka alipasua kundi kwa mabega. "Mwacheni! Mwacheni nasema!" Hakuna aliyesikia. Akafika, akasimama juu ya yule mtu, miguu huku na huku.

"Baba," alisema mkubwa, bila hata kushusha mkono, "sogea kidogo. Unaziba picha."

"Mnamwua!"

"Mzee, toka, huyu si wako!" mtu alipiga kelele.

Mdogo alikuja na mpini. Macho yake hayakuwa ya mtu anayemwona mtu. Pigo la kwanza lilimshukia baba begani, naye hakuyumba. La pili mdogo aliliinua juu zaidi, akalilenga chini, kwenye kichwa kilicho kati ya miguu ya baba yake. Shoka, aliyekwisha kupasua vichwa vya ng'ombe zaidi ya alivyoweza kukumbuka, alijua uzito wa mpini ule na wembamba wa mfupa ule. Alijua kwamba halitahitajika la tatu.

Basi akampiga mwanawe. Ngumi moja, yenye povu la sabuni.

Ukuni ukavunjika.

Mdogo alianguka kama gunia la chumvi, damu ikamtoka mdomoni kwa kamba ndefu. Shoka aliuokota mpini. Hakuomba tena. Mwimbaji wa "Shindwa" alikula pigo la goti, akakaa chini akimlilia mama yake. Aliyekanyaga mkono alipata la mgongo. Mkubwa alikuwa bado anarekodi, simu sasa imemgeukia baba yake, na mpini ukashuka kwenye vidole vilivyoshika kijiti. Simu iliruka. Vidole vitatu vilikaa upande ambao vidole havikai.

Kundi lilirudi nyuma hatua kumi. Hakuna aliyemgusa tena fundi viatu. Simu zote zilikuwa juu, na zote zilikuwa zinamtazama Shoka.

"Hata ng'ombe," aliwaambia, pumzi inamkata, "hata ng'ombe sijamfanyia hivi."

Alipoinama kumbeba fundi, gunia lilifunguka. Vikamwagika viatu. Vyeusi, vya kamba, jozi kumi na nne, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Viatu vya kwaya. Mama anayefagia kanisa ndiye aliyempa fundi akavibadilishe soli kabla ya Jumapili, na mama huyo hakuwamo kwenye kundi la kanisa kwa sababu hana simu. Waimbaji walivitazama viatu vyao. Mmoja aliinama taratibu akachukua jozi yake, na mwingine, na mwingine, kama watu wanaotoka kwenye hafla.

Shoka alimbeba fundi begani, lile lililopigwa, kama anavyobeba nusu ya ng'ombe, mpaka zahanati. Alipomlaza, yule mtu alimshika shati kwa mkono uliobaki mzima. Ilibidi ainame kumsikia.

"Kiatu cha mwanao... cha kushoto... gundi haijakauka. Asivae kesho."

Fundi viatu hakufa. Jicho lilikwenda, na mkono wa kushonea ulipona umejikunja. Maikrofoni zilikutwa Jumatatu ndani ya sanduku la ngoma.

Lakini mambo ya sanduku la ngoma hayakuzunguka. Kilichozunguka ni sekunde tisa za video: mzee wa kanisa anampiga mwanawe, mwana anaanguka, damu. Mwenye kuikata alijua wapi pa kukata. Watu wa miji ambayo Shoka hajawahi kuikanyaga walimwita mnyama, mchawi, mnafiki. Mke wake, mwenye simu ya kutazamia, alikuwa akisoma na kulia, akisoma na kulia, mpaka Shoka akamwambia, "Mama watoto, kitu kinachokuuma unakirudia mara ngapi?"

Baraza la wazee likamwita. Mchungaji, kijana mwenye suti ya kubana, alimwekea kioo cha kompyuta mezani akamwonyesha.

"Mzee wetu, tunakupenda. Lakini picha haisemi uongo."

"Haisemi uongo," alisema Shoka. "Nimempiga. Ila hiyo imeanzia mwishoni. Walioanza wako wapi?"

"Hilo kanisa limeshalitolea tamko kwenye ukurasa."

"Mmekwenda kwa fundi?"

Mchungaji alifunga kioo. Shoka akaondolewa uzee na kuzuiwa meza ya Bwana. Hakubisha. Nadhiri ilikuwa yake na alikuwa ameivunja mwenyewe, na njia ya kurudi aliijua, maana alikwisha kuipita. Wanawe walikuwa wamehamia chumba cha kupanga karibu na kanisa. Akavaa shati, akaenda kwa miguu. Akabisha hodi, akangoja mpaka jua likamhama. Hawakufungua. Akaenda wiki iliyofuata, na ya tatu. Safari ya tatu alisikia mtu akipumua nyuma ya mlango, na pumzi zile zilipita kwenye meno yaliyofungwa waya. Akaweka kiganja kwenye ubao. "Mwanangu," alisema. "Ni mimi. Nimekuja kwa miguu." Pumzi zikaondoka mlangoni.

Alipofika nyumbani mke wake alikimbia kumpokea na simu. "Wamejibu! Angalia, 'Tumekusamehe Baba,' na kidole gumba. Viwili!"

"Kidole cha nani?" aliuliza Shoka. "Vya mkubwa nimevivunja."

Wanawe walikuja mwezi wa pili baada ya siku ile, asubuhi, bucha. Mkubwa alikuwa na bandeji mkononi na kijiti chenye miguu mitatu kwapani. Mdogo alikuwa amekonda, shavu limeingia ndani. Shoka aliwaona akaliacha shoka kwenye gogo, akaanza kunawa mikono haraka haraka, kucha hakuzifikia.

"Baba shikamoo. Tumekuja tuyamalize," alisema mkubwa, akifungua miguu ya kijiti mbele ya gogo na kuchora kwa chaki alama ya pa kusimama mdogo. "Ni maneno mawili tu. Wewe unaomba radhi, mdogo wangu anakukumbatia. Mchungaji anataka irushwe Jumapili kabla ya mahubiri. Watu wengi watabarikiwa."

"Mmekwenda kwa fundi viatu?"

"Baba, tusichanganye mambo."

"Zima hicho, mwanangu. Keti. Tuombane radhi sote, halafu twende kwa yule mtu, sisi watatu, kwa miguu. Ni hapo tu."

"Sasa bila picha nani atajua?"

"Taya la mdogo wako litajua."

Mdogo alisogea. Alisogea hatua moja, mkono umenyooka kidogo, na macho yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile yalikuwa macho ya mtu. Baba naye akanyoosha mkono, unadondosha maji.

"Rudi kwenye alama," alisema mkubwa. "Hapo unatoka nje ya picha."

Na mdogo akarudi kwenye alama.

Shoka alisimama na mkono wake hewani mpaka maji yakaacha kudondoka. Kisha alishika shoka, akalishusha kwenye paja la ng'ombe lililokuwa juu ya gogo, akalishusha tena, akalishusha tena, kwa nguvu zisizohitajika kwa nyama. Vipande vya mfupa viliruka ukutani. Damu ilirukia kijiti, ikarukia kioo cha kamera. Mkubwa aliruka nyuma, akaifuta kamera kwanza kwa shati lake, kisha ndipo akajifuta uso.

"Twende," alimwambia ndugu yake. "Tumepata ya kutosha."

Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuwaona. Aliwatazama kutoka mlangoni mwa bucha, shoka mkononi, wakishuka barabara wameinamia skrini moja, kichwa kwa kichwa, wakitazama kilichoingia. Mdogo alikuwa amevaa viatu vyeusi vya kwaya. Kila alipoinua mguu wa kushoto soli ilionekana, mpya, imeshonwa nyuzi za karibu karibu, na gundi yake ilikuwa imekauka vizuri.