Mlango wa Upande wa Bahari

Kanisa letu la Kiprotestanti, katika kijiji kilicho karibu na Gazi, lina kuta za mawe ya matumbawe, nene kupita urefu wa mkono wangu. Mama mkwe alinisimulia kwamba waumini wa kwanza waliyabeba mawe hayo kichwani kutoka ufukweni, na majirani zao Waislamu wakawasaidia kuchoma chokaa. Hawakuweka sanamu wala nakshi. Waliacha milango miwili: mkubwa wa mbele, na mdogo upande wa bahari, ili upepo upite na wenye watoto wachanga watoke bila kusumbua ibada.

Mwaka juzi kamati yetu ilikata shauri kuuziba ule mdogo. Tulitaka ukuta wa kuegemeza spika. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, na uamuzi huo niliuandika kwa mkono wangu. Nyumbani sikuutaja.

Jumapili ya kwanza baada ya fundi kuuziba nilitangulia kupanga viti. Wimbo wa kwanza ulipoanza, nikaona mahali pa mama mkwe ni patupu. Nilipotoka nilimkuta ubavuni mwa kanisa, akipapasa matofali mapya kwa viganja vyote viwili.

"Shikamoo, mama. Siku hizi tunaingilia mbele."

"Marahaba, mwanangu." Hakuondoa mikono. "Nilidhani nimepotea njia."

Nikamwongoza hadi ndani. Akasimama katikati ya viti, asijue aelekee wapi. Hapo ndipo nilipofahamu. Kwa miaka alikuwa akiingia kwa mlango ule, akihesabu hatua saba, wayo wake ukitafuta pale sakafu ilipobonyea, kisha akaketi. Nami nilikuwa nikimtazama kila wiki nikidhani anaona.

Ibada ilipokwisha nilimweleza mchungaji kosa langu, nikaomba kamati ikutane.

"Mlango mzima kwa ajili ya mtu mmoja?" mzee mmoja wa kanisa aliuliza.

"Huyo mmoja ndiye tuliyemfungia nje," nikajibu.

Wakakubali.

Fundi aliyabomoa matofali kwa siku moja. Lakini ubao wa mlango wa zamani, wa mvule, ulikuwa umekwisha pasuliwa ukawa meza, basi tukatundika pazia. Mvua ikija na upepo, sakafu hulowa. Mama mkwe halipendi pazia hilo, humpiga usoni. Hulisukuma kwa kiwiko, akanung'unika kidogo, kisha akaanza kuhesabu.