Unga wa Kioo wa Bi Moto

Mama mdogo wangu ni ofisa ununuzi katika kiwanda kinachotengeneza sehemu za vifaa vya moyo. Ofisini wanamwita Lini, maana akimpigia muuzaji simu, neno la kwanza baada ya salamu ni hilo: "Lini?" Wapo wauzaji ambao hawajawahi kumwona, nao humwandikia "Mpendwa Bi Lini" wakidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Kifaa chenyewe ni kidude bapa, kama saa ya mfukoni. Daktari hukipachika chini ya ngozi ya kifua cha mtu ambaye moyo wake husahau kupiga. Ndani mna betri, na hutoka nyaya mbili zinazoushtua moyo kidogo kila unapozembea. Pale kila waya unapotokeza nje ya kijumba cha chuma pana shanga ya kioo, ndogo kuliko punje ya ufuta. Shanga hiyo huushika waya usiguse chuma, na huziba tundu ili majimaji ya mwili yasipenye. Kazi ya kiwanda cha mama mdogo ni kuunganisha vitu hivyo vitatu tu, chuma, shanga na waya, kisha kuvipeleka kwa wanaotengeneza vifaa vizima.

Asubuhi moja ikaja barua ya mistari minne kutoka kwa mtengeneza shanga. Alisema unga wa kioo anaoutumia haupatikani tena, na shanga alizobakiwa nazo zingetosha miezi mitano. Mama mdogo aliisoma mara tatu akiwa amesimama. Kioo cha kuwekwa mwilini hakibadilishwi kama sabuni ya kufulia. Kipya lazima kiloweshwe katika maji ya chumvi yenye joto la mwili, kipimwe, kiloweshwe tena, na majibu yapelekwe kwa wakaguzi. Hiyo ni miaka miwili, pengine mitatu. Na huko mbele wapo watu waliokwisha kuandikiwa tarehe ya kupasuliwa.

Alimpigia mtengeneza shanga, akaelekezwa kwa wakala anayemletea unga. Wakala kwanza alijitia kuwa mambo ya wateja wake ni siri. Mama mdogo akampigia kila siku kwa wiki nzima, hadi yule bwana akachoka, akataja karakana moja ya kuyeyushia kioo. Alikiri kuwa naye hajawahi kufika huko. Yeye huagiza kilo mbili kwa mwaka, zinakuja zimefungwa vizuri, anazipeleka. Sasa simu ya karakana ilikuwa haipokelewi.

Mkurugenzi aliposikia kilo mbili alidhani amesikia vibaya. Kisha akamwambia aende mwenyewe, asirudi bila jibu.

Alisafiri siku nzima kwa treni. Mkobani alibeba kopo la vidonge lenye pamba, na ndani ya pamba kipande kimoja kilichokamilika, pamoja na kifaa cha moyo cha maonyesho. Karakana aliikuta nyuma ya safu ya vibanda vya wachomelea vyuma. Mlangoni pamepangwa matofali meusi, mengine yameungua hadi yameota ngozi ya kung'aa kama sukari iliyoyeyushwa. Tanuri lilikuwa limekwisha kubomolewa nusu.

Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, asiye na nyusi. Majirani walimwita Bi Moto. Alikuwa ameyeyusha kioo na mumewe tangu walipooana, na mume alipofariki akaendelea peke yake, akifuata daftari lililoandikwa kwa mkono wa marehemu. Sasa magoti yalikuwa yamemgomea. Matofali yalikwisha kupata mtu, angekuja kuyachukua keshokutwa.

Mama mdogo alimwamkia, akakaribishwa kwenye kigoda, akaeleza kilichomleta. Bi Moto alimsikiliza kwa huruma. Alisema amewaonea imani wale wazee wenye redio za kale, lakini alidhani nao wamebaki wachache.

"Redio gani, mama?"

"Hizi za taa ndani. Si ndiyo kazi ya unga huu? Mume wangu aliniambia ni wa taa za redio."

Mama mdogo alifungua kopo, akakitoa kile kipande, akakiweka kwenye kiganja cha yule mama. Kisha akaweka kifaa cha maonyesho pembeni yake, akaeleza taratibu kinaingia wapi, kinafanya nini, na shanga imekaa wapi. Bi Moto alikisogeza kiganja karibu na jicho.

"Kwa hiyo hiki kiko ndani ya mtu?"

"Ndani ya mtu."

"Na mtu huyo anatembea?"

"Anatembea, anapanda ngazi, anagombana na majirani kama kawaida."

Bi Moto hakucheka. Aliuliza ni watu wangapi. Mama mdogo akapiga hesabu nyuma ya bahasha: kijiko kimoja cha chai cha ule unga, ukitoa zinazoharibika, ni shanga mia saba. Kila kifaa kinachukua mbili. Agizo limekuwapo miaka kumi na tisa. Alipofika kwenye jumla naye akasita, kwa sababu katika miaka yake yote kazini hakuwahi kuipiga hesabu hiyo. Walikuwa watu wa kujaza mji, na mji wenyewe si mdogo. Aliisoma kwa sauti ya chini.

Kisha Bi Moto akakasirika, jambo ambalo mama mdogo hakulitarajia. Alisema wamemfanyia ubaya kumficha. Alifungua daftari kwa haraka, akaonyesha ukurasa mmoja. Ile wiki aliyomzika mumewe alikuwa na agizo mkononi, akayeyusha huku analia, hakulikoroga inavyotakiwa, akalipeleka hivyo hivyo akijua ni redio tu.

"Hili liko kwa nani?" aliuliza. "Niambie liko kifuani kwa nani."

Mama mdogo alinakili tarehe na namba ya mfuko, akapiga simu ofisini, ofisini wakampigia mtengeneza shanga. Walisubiri saa nzima na ushee. Bi Moto alikaa ameshika tama, hakugusa hata maji. Majibu yalipokuja, mama mdogo aliyarudia neno kwa neno: mfuko huo ulikaguliwa, ukaonekana una mapovu, ukatupwa wote. Hakuna hata shanga moja iliyotoka.

Bi Moto alifumba macho. Alipoyafumbua aliuliza ni nani aliyeona mapovu. Mama mdogo hakumjua, alijua tu kwamba kila kituo kina mtu wa kukagua, na baada yake yupo mwingine.

"Kumbe tulikuwa wengi," alisema Bi Moto.

Yule mnunuzi wa matofali alirudi mikono mitupu. Wachomelea vyuma wa jirani ndio waliolijenga tanuri upya, na kiwanda kikamleta dada mmoja mkemia akae naye, ajifunze, na ainue vizito ambavyo magoti yangekataa. Mambo hayakunyooka mara moja. Myeyusho wa kwanza ulitoka na mapovu. Wa pili pia, hadi wakagundua kuwa muuzaji wa madini mojawapo amebadilisha machimbo bila kumwambia mtu. Mama mdogo akaenda kumtafuta na huyo. Wa tatu ulipita vipimo vyote, bohari ikiwa na shanga za siku kumi na moja.

Mwaka uliofuata walimwalika Bi Moto kiwandani. Walimvika koti jeupe na kofia, wakampitisha kwenye chumba cha wakaguzi, wakamketisha mbele ya hadubini. Aliiona shanga yake imekuzwa hadi kuwa kubwa kama mwezi, safi, waya umepita katikati. Aliitazama muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Aliponyanyuka alizunguka meza moja baada ya nyingine, akimpa kila mkaguzi mkono. Ndani ya chumba kile, ukigusana na mtu lazima uvae glavu mpya. Msimamizi, ambaye kwa kawaida hana dogo, alisimama kando na boksi la glavu, akawa anagawa jozi nyingine, na nyingine, mpaka mama wa watu alipomaliza kusalimia.