Moshi wa Phelesia Bondeni Lambwe

Phelesia alitoka Asumbi akaolewa hapa Lambwe. Mbung'o walipoleta malale, mumewe akafa, naye akahamia huku mlimani karibu nasi na mwanawe Dishon. Boma lake la bondeni likabaki na kaburi na ua wa manyara. Kwetu boma lililohamwa haliguswi, hata kuni hatuokoti. Kwa hiyo pori lililimeza.

Mwaka 1966 serikali ikaamua bonde litengewe wanyama, hasa omoro, swala wakubwa wenye pembe zilizopinda nyuma. Wapimaji wakaja na vigingi. Niliwatazama kila siku, maana mashamba yetu yalikuwa karibu. Siku moja kigingi kikapigwa, na boma la Phelesia likaangukia upande wa wanyama. Mimi na Phelesia tukateremka.

"Mama, hili ni pori tu," mpimaji alimwambia.

"Pori gani limepandwa ua kwa mstari?"

"Nyumba iko wapi? Penye nyumba inayokaliwa tunazunguka. Kesho kutwa tunafunga mpaka."

Tukiwa njiani kurudi, Phelesia akaniita kwa jina la mwanangu, "Min Rispa, mama Rispa, kesho lete nyasi za kuezekea."

"Kwenye mbung'o? Mimi nina watoto!"

"Watoto waache nyumbani. Nyasi zije."

Kulipokucha niliwakataza watoto kunifuata, nikajifunika shuka mpaka shingoni, nikabeba nyasi. Dishon alikuwa ameitwa usiku uleule, akafika kutoka Suna anakofanya biashara, kwa kuwa mtoto wa kwanza ndiye anayesimamisha nguzo ya kwanza. Na nyumba ya mjane hailali nusu. Lazima moshi utoke kabla jua halijazama.

"Nyar Asumbi, binti wa Asumbi," jirani mmoja alimtania Phelesia kutoka juu ya paa, "omoro watakuja kukupigia hodi!"

"Waje! Watakuta nyumba. Wewe funga kamba."

Jua lilikuwa linagusa mlima moshi ulipotoka. Sisi tukapanda kurudi. Yeye akabaki.

Mpimaji aliporudi alimkuta anakoroga uji.

"Juzi hapakuwa na nyumba hapa."

"Juzi nilikuwa sijarudi."

Mpimaji akalizunguka kaburi, lilikuwa limeshafagiliwa. Akawaita watu wake wang'oe kigingi, wakakipiga ng'ambo ya ua. Shamba lake la zamani la mtama, chini ya boma, lilibaki kwa wanyama. Phelesia hakushukuru wala hakulia. Alichukua jembe akaanza kulima alipoachiwa.

Mimi hofu ya mbung'o haijanitoka. Kila asubuhi, kabla sijawasha moto wangu, natazama bondeni kwanza kama wake umewaka.