Gari la Mume Wangu Limeanza Kuvimba Upande wa Kushoto

Admin, shikamoo. Jina langu libaki kwako, ila kisa kiache kama kilivyo. Nina miaka thelathini na mbili, naishi Nachingwea na mume wangu na binti yetu Shamimu. Mimi ni Mmwera wa huku huku. Mume wangu ni mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, na kazi yake ni ya kwenda Ruangwa na kurudi.

Kwanza mumjue huyu mwanaume. Ni mtu wa nailoni. Makochi yetu yana nailoni ya dukani mpaka leo, ukikaa na kanga nyepesi unanyanyuka imekugandia. Rimoti ina nailoni, mpini wa friji una nailoni. Dada zangu wakija wananiuliza kama na mimi alinioa nikiwa ndani ya nailoni. Kwa hiyo aliporudi kutoka Dar es Salaam na gari limebandikwa ile plastiki angavu ya kulinda rangi, kwenye boneti na bampa hadi juu ya taa, tulicheka tu. Alisema ni kwa sababu ya kokoto za barabara zetu. Nikamwambia, "Baba Shamimu, basi bado mimi tu kubandikwa."

Safari ile ilikuwa ya ghafla. Alikuwa Ruangwa kikazi, akanipigia jioni kusema ameitwa semina Dar, anaunganisha huko huko, hata shati la kubadilisha hapiti kuchukua. Kesho yake nikapata habari kwamba somo wangu wa Mbekenyera, upande huo huo wa Ruangwa, amegongwa na gari jana yake jioni.

Kwa msiojua, somo ndiye aliyenishika mkono unyagoni. Alinifunda usafi, heshima, na namna ya kuishi na mume. Siku hiyo alikuwa anatoka shambani na mzigo wa ufuta kichwani, gari likamchota kwa nyuma, likasimama kidogo, kisha likaondoka. Nyonga ilivunjika. Nilipompa mume wangu habari kwenye simu aliniuliza mara mbili kama ni somo yule yule wa Mbekenyera.

Aliporudi, huruma ikamzidi. Akienda Ruangwa lazima apitie kwa somo na sukari au unga. Gari huliacha mbali barabarani na kutembea kwa miguu hadi uani, nami nikadhani anaogopa miiba isikwaruze plastiki yake. Somo akawa ananiambia, "Mwanangu, umepata mume. Wageni wengine wakiletwa huku hata salamu zetu hawazitaki." Nilivimba kichwa kweli kweli.

Kisha jua la huku likaanza kazi. Plastiki ikatoa vipovu, vidogo kama vipele vya joto. Boneti karibu yote safi, kulia safi, ila pembe ya mbele kushoto vinaongezeka kila nikitazama. Siku moja nilitaka kuvibonyeza, akanishika mkono kwa nguvu. "Usiguse. Ukibandua inatoka na rangi."

Wiki hiyo, nikiwa naanika nguo, nikamsikia dirishani akigombana na fundi wa Dar kwenye simu. "Ungeniambia rangi mpya haijakauka ndani, ningesubiri ndiyo tubandike. Sasa kila mtu anaona palipopakwa." Nikabaki na shati lake mkononi. Rangi mpya ipi? Gari lilikuja na rangi yake, na hajawahi kuniambia limekwaruzwa hata na mbuzi.

Nikapanda bodaboda hadi Mbekenyera. Nilimuuliza somo kama aliliona lile gari.

"Jua lilikuwa machoni, na vumbi lile, ningeona nini mwanangu? Ila nililisikia liliposimama. Lina kitu ndani kinalia, kama kijiko kwenye kikombe. Nikilisikia tena nalijua."

Gari letu lina mlio huo, mafundi wameshindwa kuupata unakotoka. Shamimu humwambia baba yake, "Baba, gari linakoroga chai."

Juzi alinikuta nimesimama mbele ya ile pembe. Hakunifokea. Alichukua kitambaa akafuta vumbi juu ya vipovu, taratibu, mpaka vikang'aa. Akasema bila kuniangalia, "Mama Shamimu, wewe si umefundwa? Siri ya nyumba unajua inakaa wapi." Ni kweli nimefundwa. Nilifundwa kwamba la mume halitoki nje, hata kwa mama mzazi, na aliyenifunda ni huyo huyo aliyelala na nyonga mbovu. Sasa namwogopa mume wangu. Nampenda pia, msinicheke.

Jumamosi somo anarudi hospitali kuangaliwa. Wanawe walimwomba mume wangu mbele za watu ampeleke kwa gari, akashindwa kukataa. Anachohangaikia ni vipovu tu, amesema ataviziba na matope. Kwamba somo aliusikia ule mlio hajui, sijamwambia. Somo ameomba akae mbele kushoto, apate kunyoosha mguu, na mimi nikae nyuma nimshike bega.

Nikimwambia mume wangu, sijui atamfanya nini yule mama, wala mimi. Nikimwambia somo, nimemuuza baba wa mwanangu, na wanawe si watu wa kubembelezwa. Nikinyamaza, nitakaa nyuma ya wote wawili njia nzima ya mashimo, nikisubiri nani ageuke kwanza.

Ndugu zangu, mwenye neno aniambie kabla ya Jumamosi, nifungue mdomo au niufunge, na nikifungua nianze kwa nani. Somo amenipigia leo, ana furaha, kanga ya safari ameshaifua. Redio ya gari ni mbovu, humo ndani hakuna kingine cha kusikiliza.