Taulo za Barry Entwistle

Hakuna mwanamke hapa Oldham, kaskazini mwa Uingereza, anayezijua ndondi kumshinda mwandishi wa makala haya: amekaa safu ya mbele mara thelathini, na mara zote thelathini alifumba macho.

Saa kumi na mbili asubuhi, juu ya duka la mazulia, ameyafumbua. Barry Entwistle, miaka sitini na moja, amevaa mikononi pedi za kupokelea ngumi na Jodie Clegg anazitwanga. Paa linavuja. Ndoo iko pembeni mwa ulingo, na hakuna anayehangaika nayo.

"Huo mkono wa kushoto umelala, binti! Nikuletee mto?"

"Niletee kocha anayeona, mzee."

Barry anacheka. Jicho lake la kushoto huiona ngumi ikishafika.

Alipigana ndondi za kulipwa mara 71, akashindwa mara 58. Hakuwa mbovu. Alikuwa bondia wa kupigiwa simu Jumanne ili apande ulingoni Ijumaa, mji wa watu, mbele ya kijana ambaye ukumbi mzima umelipa kumwona akishinda. Kazi ilikuwa kushindwa kwa pointi, bila kuumia, ili wiki inayofuata simu ilie tena.

"Pauni mia nane, na pai ya nyama njiani," anasema. "Mke wangu Maureen hakuwahi kuniuliza nani kashinda. Aliuliza kama nimerudi na meno."

Pambano la mwisho lilikuwa Hull. Raundi ya nne, kocha wake aliona yametosha, akarusha taulo ulingoni, ishara ya kusalimu amri ili pambano likome. Mwamuzi akaipiga teke ikatoka nje, akawaambia waendelee. Kocha hakuwa na nyingine.

"Raundi mbili zaidi nilisimama tu pale, kama nguzo ya taa," anasema Barry, akilisugua jicho. "Simlaumu marehemu. Alikuja na taulo moja."

Tangu hapo amefundisha miaka kumi na tisa, na amewarushia mabondia wake taulo mara kumi na moja. Wanne walihama klabu kwa hasira. Wote wanne, anapenda kukumbusha, bado wanasoma gazeti bila miwani.

Jodie, muoka mikate wa miaka ishirini na sita, alirushiwa mwaka jana. Kesho anagombea ubingwa wa kaskazini.

"Nilikuwa naongoza kwa pointi!" anafoka, akivua glovu kwa meno. "Sikiliza, kocha. Ukirusha tena kesho, Jumatatu nahamia Rochdale. Sitanii."

Barry anavua pedi moja. Mwingine kama huyu hatampata tena, na anajua.

"Sirushi."

"Niangalie machoni useme."

"Nikuangalie kwa jicho lipi?"

"Barry!"

"Sirushi, binti. Nabeba kitambaa kimoja cha jikoni, cha kukufutia jasho. Basi."

Jodie anampiga kofi la bega, ameridhika. Anapokwenda kunywa maji, Barry anaeleza anachokitumainia. Mkanda wa ubingwa ukija, vizuri. Ila anataka siku moja Jodie, bibi kizee, amtambue mjukuu wake akiwa upande wa pili wa barabara.

Mlango unasukumwa. Maureen anaingia na chupa ya chai na mfuko mkubwa, anahema kwa ngazi.

"Haya mpenzi, taulo zako za kesho, zile kubwa nyeupe," anatangaza. "Tatu zimekauka. Ya nne nimeiacha kwenye hita, bado mbichi."

Jodie anaishusha chupa ya maji. Barry ameinama juu ya ndoo, anahesabu matone.