Wavuta Kamba wa Mji wa Kale

Ikiwa nguzo haiwezi kuja, kwa nini tuivute? Swali hilo nililiuliza nikiwa darasa la sita. Limenirudia juzi, nilipokwenda kumchukua mtoto wa dada yangu katika shule ile ile niliyosoma mimi, ndani ya Mji wa Kale. Nilifika kabla ya kengele. Kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni, kipindi kile kilikuwa cha P.E., cha mazoezi ya viungo, lakini watoto walikuwa wameinamia hesabu na ua ulikuwa mtupu. Nguzo ya tangi la maji ingali pale pale. Nikaiendea nikaishika. Mlinzi akanitazama kama mtu anayejiuliza aite nani.

Shule yetu haikuwa na uwanja, rafiki yangu. Ilikuwa na ua wa saruji uliobanwa na nyumba za ghorofa, na ukipiga mpira kwa nguvu ulitua kwenye sufuria ya mtu. Asubuhi tuliimba wimbo wa taifa huku tukinusa mahamri ya jirani, na ikifika saa nne harufu ikageuka kuwa ya bizari na kitunguu. Katika ua huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwalimu wa P.E. alituletea kamba ya katani nene kama mkono wangu. Alikuwa mwanamke kijana kutoka upande wa Rabai, filimbi shingoni, kicheko karibu. Alifunga ncha moja kwenye nguzo, akatupanga wasichana wanane, akasema, "Vuteni."

Tukavuta. Nguzo, kama ulivyotarajia, haikuja.

"Mwalimu," nikasema, "nguzo hii haiji. Twavuta nini?"

"Sikusema ije. Nimesema vuteni."

Nyuma yangu, mwisho kabisa wa kamba, alikuwepo msichana mnene mwenye maneno mengi, tuliyemwita Nanga kwa kazi aliyopewa ya kutuzuia tusiburutwe. "Maswali ya huyu yangekuwa kilo," akasema, "angewekwa yeye huku nyuma, nami nikapumzika."

Darasa zima likacheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilikuwa na hoja. Tulipohesabu moja, mbili, tatu, kila mmoja alivuta kwa tatu yake. Kamba ilitikisika kama nyoka, ikatuchubua viganja, tukaketi chini tukihema. Hali ikawa hiyo wiki baada ya wiki, mpaka siku moja, baada ya arusi ya mtaani, Nanga akaanza kuimba chini kwa chini wimbo wa vugo tuliousikia usiku wake, ule wanaouimba wanawake wakigonga pembe za ng'ombe kwa vijiti. Sote tuliujua. Sote tulikuwa tumelala mapajani mwa mama zetu ukiimbwa. Pembe ilipopaswa kulia, miili yetu ikaenda nyuma pamoja, na kamba ikakazika hata ikatoa mlio mwembamba niliousikia hadi menoni. Mwalimu alipuliza filimbi tu, akaturuhusu tukanywe maji.

Akatuandikisha kwenye mashindano ya shule za kisiwani, yaliyopangwa kufanyika katika shule moja ya Tudor.

Bibi aligundua kwa viganja vyangu. Yeye ndiye aliyenilea, maana wazazi wangu walikuwa kazini Uarabuni. Jioni moja nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nikikuna nazi, nikawa nashika kifuu kwa ncha za vidole. Akanishika mkono akaugeuza kwenye taa.

"Mikono hii ni ya msichana au ya hamali wa Marikiti?"

Nikamweleza. Kamba, nguzo, Tudor.

"Mbele za watu? Hata! Wataka mazoezi, nazi hizi. Wataka zaidi, maji yako chini."

Na kweli yalikuwa chini. Miaka ile mifereji ilikuwa ikikauka kwa siku nyingi, tukanunua maji ya mkokoteni na kupandisha madumu hadi ghorofa ya pili kwa ngazi za mbao zilizosimama wima kama ukuta. Sikuona kosa katika hoja ya bibi, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilitaka akose.

Shida ni kwamba neno la bibi halikuishia nyumbani. Alikuwa mpambaji wa maharusi, na mama wengi mtaani walipima mambo kwa kumtazama yeye. Habari zilipoenea kuwa amekataa, nao wakakataa. Kamba ikabaki na wasichana watatu, Nanga mmoja wao, na mwalimu mkuu akaanza kusema kuwa kama hakuna mashindano, basi kipindi kile kingefaa zaidi kwa marudio ya hesabu. Nikaelewa kuwa kamba yetu, na kipindi chenyewe, vilikuwa mikononi mwa mwanamke aliyekaa jikoni kwetu akichambua mchele.

Mwalimu akaja nyumbani. Nilijibanza nyuma ya pazia la mlango.

"Hodi. Masalkheri, bibi."

"Masalkheri, mwanangu. Karibu, keti. Hujambo? Wazee huko kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, bibi. Wakusalimu."

Zikaja kahawa na kaimati. Wakazungumza juu ya joto, juu ya bei ya sukari, juu ya mama yake mwalimu anayeumwa miguu. Nilidhani mwalimu amesahau alilolijia. Bibi ndiye aliyeliingia.

"Mwalimu, mtoto huyu ngazi azipanda na dumu kila siku. Wewe wamzidishia nini?"

"Dumu apanda nalo peke yake, bibi. Mimi namfunza kubeba na wenziwe."

Bibi akasukuma sahani ya kaimati kwa mgeni.

"Na wanaume watakuwepo?"

"Walimu wa kiume watakuwepo. Sitakudanganya."

"Na hawa wasichana watavaa nini?"

"Suruali chini, sare juu, mtandio kichwani. Na mwalimu wao mbele yao."

Nilisikia kikombe kikitua kwenye kisahani. "Basi nitakwenda mwenyewe," akasema bibi. "Nikiona jambo sikulipenda, namtoa hapo hapo, kamba mkononi."

Jumatatu yake wote wanane tulikuwa nguzoni.

Siku ya mashindano bibi alikuja na kundi la majirani, mabuibui yamejipanga kwenye benchi pembeni ya uwanja, na kapu la viazi vya karai katikati yao. Uwanja wenyewe ulikuwa mkubwa hata nikaona haya, kama mtu aliyevuliwa kuta. Wasichana wa Tudor walikuwa warefu, miguu imekakamaa, na midomo yao ilikuwa mikali kuliko yetu.

"Oneni mikono ya hina!"

"Rudini kwenu mkale halua!"

"Halua twala kila siku," Nanga akawajibu, "leo twawala nyinyi!"

Hatukuwala. Mvuto wa kwanza tuliburutwa kabla sijaweka vizuri visigino. Watoto wa shule nzima walikuwa wakipiga kelele, na wimbo wetu ulifia midomoni; aliye mbele hakumsikia aliye nyuma. Mwalimu alikuja, akachuchumaa, akatufuta vumbi magotini. Hakutugombeza. "Mwavuta mmoja mmoja," akasema. "Sikilizaneni."

Lakini tutasikilizana vipi? Tulishika kamba ya mvuto wa pili nikiwa nimekwisha kukata tamaa. Ndipo makofi yalipoanza pembeni, makofi mazito ya wanawake wazima, kwa mpigo ule ule wa vugo, na sauti juu yake. Mpaka leo jirani yetu anaapa kuwa ni yeye aliyeanza. Mimi sauti ile naijua. Ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kwa sala. Pembe ilipopaswa kulia, tukaenda nyuma. Tena. Tena. Wale warefu wakaanza kuteleza, wakiangalia miguu yao kama si yao. Vigelegele vilivyopanda sijavisikia tena isipokuwa arusini.

Mvuto wa tatu kamba ilisimama. Haikwenda kwao, haikuja kwetu. Nakumbuka shingo ya msichana aliye mbele yangu, mishipa yake, na pumzi ya Nanga kisogoni kwangu, nzito na ya moto, na nakumbuka kuwa kwa muda ule sikuwa na swali lolote kichwani. Sijui ni lini tena nimekuwa hivyo. Kisha mmoja wetu akateleza, nadhani ni mimi, na tukaenda mbele sote kama ushanga uliokatika uzi.

Tukashindwa. Nanga alilia kwa sauti, akala viazi viwili, akaacha kulia. Bibi hakunitoa, wala hakunipongeza. Tulipokuwa tukirudi akauliza, "Wale wasichana wa Tudor hulishwa nini?" Kesho yake nilikuta ameifua yeye mwenyewe suruali yangu na kuianika darini, mahali pa kila jirani kuiona. Kipindi chetu hakikuguswa tena mpaka nilipomaliza shule.

Sasa kimeguswa. Mwalimu alihamishwa zamani, sikupata kujua wapi. Ule uwanja wa Tudor umekatwa nusu, nusu nyingine imeota nyumba. Mtoto wa dada yangu ni hodari wa hesabu, na akipanda ngazi zetu husimama katikati kupumua. Najua kuna hoja za kila upande, nimesomea hoja. Ila niliwatazama watoto wale kwenye madawati nikajiuliza ni lini mara ya mwisho mmoja wao alisikia pumzi ya mwenziwe kisogoni.

Bibi alifariki nikiwa chuo kikuu. Baada ya matanga, tukikunja leso zake, shangazi alinieleza jambo ambalo mimi, muulizaji wa yote, sikupata kuliuliza. Siku ile ya kamba, akasema, bibi alirudi nyumbani asizungumze habari za mashindano hata kidogo. Alisimulia madawati, na ubao, na ramani aliyoiona dirishani. Nduguze wa kiume walisomeshwa, yeye akawekwa ndani, na mambo yetu ya shule yote aliyasimamia mjomba wetu. Mpaka jioni ile ya Tudor, bibi yangu alikuwa hajapata kukanyaga shule.