Mama Leza Hasomi Maiti

Haraka haraka ina baraka. Anayebisha asimame asubuhi mlangoni mwa maabara hii ya wanyama, amwone mwanamke mwenye koti jeupe akipokea mfuko wa sampuli kabla mleta vifurushi hajashuka vizuri kwenye pikipiki.

"Taratibu, humo wamo wazima!" anamfokea.

Wazima hao ni chembe za damu na tezi za mbwa na paka.

Wenzake humwita Mama Leza. Mashine yake hupitisha chembe moja moja mbele ya mwali wa leza, kama watu kwenye mlango mwembamba, kila moja imevishwa rangi ya kuitambulisha. Chembe ikifa, rangi hudanganya.

Alipoajiriwa, mama yake alimcheka: "Masomo yote yale, mwanangu, umeishia kumtoa paka damu?" Siku paka wake mwenyewe alipougua, mama huyo alimbeba mbio hadi hapa.

Wiki iliyopita sampuli moja ilifika imeganda kama jiwe. Ilitoka kwa Mjomba, mbwa mzee wa mama mmoja fundi cherehani; mbwa huyo alikuwa amevimba tezi za shingo. Daktari alishuku saratani kali. Sindano ya kumlaza moja kwa moja ilisubiri jibu tu.

"Dokta, umenitumia maiti, barafu imeua chembe zote," Mama Leza alimwambia kwa simu. "Mchome tena."

"Mwenye mbwa analia hapa, dada. Andika tu saratani, tumpumzishe."

"Siandiki. Maiti sisomi."

Mjomba akachomwa tena. Fundi aliileta sampuli mwenyewe, imeviringishwa kwenye kipande cha gauni la mteja, na matusi juu.

Ilikuwa saratani kweli, ila si ile ya mbio.

"Hii ni ya mwendo wa kobe," anaeleza Mama Leza. "Mjomba anaweza kula miaka, pengine hata bila dawa."

Sasa anapanga kuzizungukia kliniki zote na somo moja: sampuli huwekwa kwenye friji, si friza.

Leo Mjomba yuko kwenye baraza ya maabara, anatafuna kamba ya kiatu cha mlinzi wa hapo. Fundi anamtazama, kisha anamgeukia Mama Leza.

"Mbwa wangu ametobolewa mara mbili kwa ajili yako, wewe. Hata radhi huombi?"

"Pole kwa usingizi uliokosa, mama," anajibu akivaa glavu. "Radhi siombi. Wakigandisha tena, atatobolewa tena."